Onyo la Kivinjari Linapomtia Hatiani Asiye na Kosa

Onyo la usalama la kivinjari ni ukurasa unaomzuia mtumiaji kabla hajaifikia tovuti aliyoitaka. Maonyo hayo ni ya aina mbili kuu. La kwanza husema muunganisho si wa faragha: kivinjari kimeshindwa kuthibitisha cheti cha tovuti. La pili husema tovuti ni hatari: anwani yake imo katika orodha ya tovuti za ulaghai au zenye programu haribifu. Aina zote mbili huokoa watu wengi, na zote mbili hukosea.

Cheti hufanya kazi ya barua ya utambulisho. Mkazi wa Lufingo anayekwenda kufungua akaunti benki mjini Tukuyu hubeba barua ya mtendaji wa kijiji. Karani hamjui mwenye barua, ila anautambua mhuri. Vivyo hivyo, tovuti huonyesha cheti kilichotiwa saini na mamlaka ya vyeti, na kivinjari huitafuta mamlaka hiyo katika orodha ya zile zinazoaminiwa. Kisha hukagua kama jina lililo kwenye cheti ndilo la tovuti, na kama tarehe ya leo imo ndani ya muda wa cheti. Likikosekana moja kati ya hayo, onyo hutokea.

Mwaka 2017 watafiti wa kivinjari cha Chrome walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya makosa ya vyeti waliyoyachunguza yalitokana na kifaa cha mtumiaji au mtandao aliounganishwa nao. Sababu nyepesi kuliko zote ni tarehe. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji huweza kuwaka na tarehe ya miaka iliyopita. Kwa simu hiyo, cheti kilichotolewa juzi bado hakijaanza kutumika. Mzazi anayetafuta matokeo ya mwanawe kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani ataonywa, ilhali kasoro iko kwenye kalenda ya simu aliyoishika. Sababu ya pili ni waifai ya nyumba ya wageni, ambayo hukatiza njia ili mgeni aingize kwanza nywila.

Sababu ya tatu ni ukongwe wa simu, nayo huwaelemea zaidi wasio na uwezo wa kununua mpya. Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila malipo, haimo katika orodha ya simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1. Kwa miaka kadhaa vyeti vyake vilikubaliwa humo kwa kuegemea saini ya mamlaka kongwe zaidi; egemeo hilo lilikoma Septemba 2024. Simu aliyoirithi mama kijijini kutoka kwa mwanawe wa mjini ikaanza kuzikataa tovuti zisizo na kosa, kama karani asiyeujua mhuri mpya. Kivinjari cha Firefox, chenye orodha yake chenyewe, kiliweza kuondoa tatizo hilo kwenye nyingi ya simu hizo.

Orodha ya tovuti hatari nayo hukosea. Tarehe 31 Januari 2009, alama ya mkwaju iliingizwa kimakosa katika orodha ya Google. Kwa kuwa alama hiyo imo katika kila anwani, karibu kila tovuti iliyotokea kwenye matokeo ya utafutaji ilitajwa kuwa ya hatari, kwa muda usiofikia saa moja. Hata hivyo, tovuti halali inaweza kuwa imedukuliwa na kupandikizwa kurasa za ulaghai bila mwenyewe kujua. Hapo onyo ni la haki, na mwenye tovuti hupaswa kuisafisha kabla ya kuomba ikaguliwe upya.

Madhara makubwa ya onyo la uongo hayaishii kwenye tovuti moja. Aliyezoea kulipuuza atalipuuza pia siku litakaposema kweli. Kwa hiyo onyo husomwa kwanza, kisha hukaguliwa tarehe ya simu, mtandao, tahajia ya anwani, na toleo la programu. Anwani inayoishia na .go.tz ni ya taasisi ya serikali ya Tanzania; inayofanana nayo tu si hiyo. Sababu isipojulikana, namba ya siri, nywila na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) haziandikwi hapo.