Kwa Nini Kocha Huondoka: Mpira wa Vyuo Vikuu vya Marekani na Deni la Ahadi

Wasikilizaji, habari ya kocha kuhama timu haiwashangazi watu wengi. Msikilizaji wa Dar es Salaam, aliyezoea kuona makocha wa Simba na Yanga wakija na kuondoka mmoja baada ya mwingine, huenda akauliza kuna nini cha kutafakari katika safari ya mtu wa mpira kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Hata hivyo, nchini Marekani uko mpira ambao kuondoka kwa kocha huacha swali zito kuliko la matokeo ya uwanjani. Ni mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa na kurushwa kwa mikono, wenye umbo la yai, unapochezwa na vyuo vikuu. Wachezaji wake ni wanafunzi. Wengi huchagua chuo wakiwa na umri wa miaka 17 au 18, na si haba miongoni mwao wanaomchagua kocha kwanza, chuo baadaye.

Kocha wa chuo kikuu hana budi kuwatafuta vijana hao mwenyewe. Husafiri kutoka jimbo hadi jimbo, hutembelea shule za sekondari, kisha huketi sebuleni mbele ya wazazi na kuwaeleza jinsi atakavyomlea kijana wao, atakavyomsimamia katika masomo, na atakavyomwandaa kwa ligi ya kulipwa, NFL. Waswahili husema ahadi ni deni. Swali linalozuka ni hili: kocha anapoondoka, deni hilo hubaki kwa nani? Na kabla ya kumhukumu, ni vyema kuuliza kwa nini huondoka hata pale anapopendwa, analipwa vizuri, na timu yake inashinda.

Mfano mmoja unaoeleza mengi ni wa Brian Kelly. Mwezi Desemba mwaka 2006, Kelly aliiacha timu ya Central Michigan ikisubiri mchezo wake wa mwisho wa msimu, akaenda Cincinnati. Mwezi Desemba mwaka 2009 aliiacha Cincinnati ikiwa imeshinda michezo yake yote 12 na kufuzu kucheza Sugar Bowl, mojawapo ya michezo mikubwa ya kufunga msimu, akaenda Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kilicho karibu na mji wa South Bend, katika jimbo la Indiana. Hapo alikaa misimu 12. Mwezi Septemba mwaka 2021 alishinda mchezo wake wa 106 akiwa na timu hiyo, na kuipita idadi ya ushindi wa Knute Rockne, kocha anayeenziwa kuliko wote katika historia ya chuo hicho, ingawa ushindi wa misimu miwili ya Kelly ulikuwa umefutwa katika kumbukumbu rasmi kwa sababu ya makosa ya wanafunzi katika masomo.

Miezi miwili baadaye, usiku wa tarehe 29 Novemba mwaka 2021, habari zilivuja kwamba Kelly anahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, mjini Baton Rouge. Wachezaji wa Notre Dame walipata ujumbe wake wa simu usiku huo, ukiwaita kikaoni saa moja asubuhi iliyofuata. Kikao kilikuwa kifupi. Timu ilikuwa imeshinda michezo 11 na kupoteza mmoja tu, na matumaini ya kuingia katika mtoano wa ubingwa wa taifa yalikuwa bado hai.

Sababu ya kwanza inayomwondoa kocha wa namna hiyo ni ubingwa wenyewe. Notre Dame ilifika mchezo wa fainali mwezi Januari mwaka 2013, ikafungwa na Alabama 42 kwa 14. Ilifika nusu fainali ya msimu wa 2018, ikafungwa na Clemson 30 kwa 3. Ilirudi katika nusu fainali ya msimu wa 2020, ikafungwa tena na Alabama, 31 kwa 14. Chuo hicho kina masharti magumu ya kuwapokea wanafunzi, na hakiwezi kumchukua kila kijana mwenye kipaji. Kwa upande wa pili, LSU ndicho chuo kikubwa pekee cha mpira huo katika jimbo la Louisiana, jimbo linalosifika kwa kutoa wachezaji wa NFL, na uwanja wake huingiza watazamaji zaidi ya 100,000. Muhimu zaidi, makocha watatu waliomtangulia Kelly hapo, yaani Nick Saban, Les Miles na Ed Orgeron, kila mmoja alitwaa ubingwa wa taifa, katika misimu ya 2003, 2007 na 2019. Mtu aliyekwisha kutimiza umri wa miaka 60, na ambaye katika ngazi hiyo ya juu amekosa kitu kimoja tu, alitazama orodha hiyo na kufanya hesabu zake. Baadaye Kelly mwenyewe alieleza kwamba alitaka kuwa mahali penye nyenzo za kutwaa ubingwa.

Sababu ya pili ni fedha, lakini si kwa namna inayodhaniwa na wengi. Mkataba wa LSU ulikuwa wa miaka 10 na thamani ya dola milioni 95, mbali na marupurupu. Kiwango hicho ni kikubwa, ila kinachomvuta kocha zaidi ni dhamana iliyomo ndani yake. Kazi ya ukocha haina kinga. Orgeron, aliyetwaa ubingwa mwezi Januari mwaka 2020, alikuwa amekwisha kuambiwa kufikia Oktoba mwaka 2021 kwamba kazi yake itakoma mwisho wa msimu. Mkataba mrefu wenye malipo ya uhakika humlinda kocha dhidi ya siku hiyo. Mwaka 2017 Jimbo Fisher aliondoka Florida State, mahali alipotwaa ubingwa, akaenda Texas A&M kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75. Alipofutwa kazi mwezi Novemba mwaka 2023, akiwa ameongezewa mkataba huo katikati, chuo kilijikuta kikidaiwa takriban dola milioni 76 ili tu asiendelee kufanya kazi. Kocha mwenye busara hutambua kwamba thamani yake iko juu kabisa siku anaposhinda. Akisubiri msimu mmoja mbaya, waliokuwa wakimpigia simu watanyamaza.

Sababu ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni kalenda. Msimu wa kawaida huisha mwishoni mwa Novemba. Tangu mwaka 2017 kipindi cha kwanza cha vijana wa sekondari kutia saini huwa mwezi Desemba. Chuo kisicho na kocha wakati huo hupoteza vijana wa mwaka mzima, kwa hiyo hakiwezi kungoja hadi Januari michezo yote imalizike. Kocha anayetakiwa huambiwa aamue kwa siku chache, pengine kwa saa chache. Siku moja tu kabla ya habari za Kelly, Lincoln Riley alikuwa ameondoka Oklahoma na kwenda USC, mjini Los Angeles. Wachezaji huona usaliti katika mwondoko wa usiku mmoja, lakini mara nyingi ni ratiba iliyopangwa na wakubwa wa mchezo wenyewe, ikimlazimu kocha achague kati ya timu aliyo nayo na kazi anayoitaka.

Je, kijana aliyeachwa alikuwa na haki gani? Kwa miaka mingi, chache sana. Waraka aliotia saini ulieleza wazi kwamba amejifunga kwa chuo, wala si kwa kocha, na kwamba kuondoka kwa kocha hakumwondolei wajibu wake. Akitaka kuhama, ilimbidi kwa kawaida akae mwaka mmoja bila kucheza. Kocha aliweza kuhama Jumatatu na kuanza kazi mpya Jumatano, na mwanafunzi aliyemfuata alipoteza msimu mzima katika maisha mafupi ya mchezo wake. Hapo ndipo penye dhuluma, kwa sababu kosa halikuwa kuondoka kwa kocha peke yake, bali kwamba mlango ulikuwa wazi kwa mmoja na umefungwa kwa mwingine.

Hali hiyo imebadilika. Mwezi Aprili mwaka 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu mchezaji ahame mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024 kikomo hicho nacho kiliondolewa. Waraka ule wa zamani wa kutia saini ulifutwa mwaka huohuo. Tangu Julai mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao, na tangu Julai mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Riley alipokwenda USC, kijana Caleb Williams, aliyekuwa naye Oklahoma, alimfuata, na mwaka 2022 alitwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Siku hizi kocha akihama, timu nzima yaweza kusambaa nyuma yake. Haki imeongezeka, utulivu umepungua.

Na je, hesabu za Kelly zilitimia? Notre Dame ilimpandisha cheo kocha wa ulinzi, Marcus Freeman, aliyekuwa na umri wa miaka 35, na wachezaji walimpokea kwa shangwe. Mwezi Januari mwaka 2025, Freeman aliifikisha timu hiyo katika fainali ya ubingwa wa taifa mjini Atlanta, ingawa ilifungwa na Ohio State 34 kwa 23. Kelly, kwa upande wake, hakufika mtoano hata mara moja akiwa LSU. Alishinda michezo 34 na kupoteza 14, na tarehe 26 Oktoba mwaka 2025, siku moja baada ya kufungwa nyumbani na Texas A&M 49 kwa 25, alifutwa kazi. Kiasi kilichobaki katika mkataba wake kilikadiriwa kuwa dola milioni 54 hivi. Dhamana aliyoifuata aliipata. Ubingwa alioufuata hakuupata, na waliobaki nyuma waliukaribia zaidi kuliko yeye.

Gurudumu likaendelea kuzunguka. Tarehe 30 Novemba mwaka 2025, LSU ilimchukua Lane Kiffin kutoka Chuo Kikuu cha Mississippi, siku tatu kabla ya vijana kuanza kutia saini. Timu ya Mississippi ilikuwa imeshinda michezo 11 na kupoteza mmoja, ikingoja kuanza mtoano. Kiffin alitaka kuiongoza hadi mwisho, chuo kikakataa, na nafasi yake akapewa msaidizi wake, Pete Golding.

Wasikilizaji wanaoishi Marekani, ambao watoto wao sasa wanavaa kofia ngumu za mchezo huu katika shule za sekondari za huko, wanaweza kujikuta siku moja wakimkaribisha kocha sebuleni kwao. Adabu yetu ya kumpokea mgeni isituzuie kumwuliza maswali. Je, ufadhili wa masomo ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote hadi kuhitimu? Je, umeandikwa? Je, unabaki palepale kijana akiumia, au kocha mpya asipompenda? Ni wangapi kati ya vijana walioingia pamoja miaka minne iliyopita waliopata shahada? Kisha swali la mwisho, ambalo mzazi ajiulize mwenyewe na mwanawe wakati mgeni amekwisha kuondoka: kama mtu huyu angehama kesho, je, chuo hiki bado kingekuwa mahali pa kusomea?

Jibu likiwa ndiyo, na atie saini. Kocha ataondoka kwa sababu zake, na nyingi kati yake zitakuwa za kueleweka: umri unapita, fedha ziko mezani, kalenda haingoji. Ahadi aliyoitoa kwa mdomo ataondoka nayo. Iliyoandikwa na chuo ndiyo itakayobaki, na hiyo ndiyo inayoweza kudaiwa.