Gari Limekataa Kuwaka Baada ya Kubadilishiwa Mkanda? Msilisukume

Maneno haya yalisemwa na fundi wa magari alipoalikwa kuzungumza na vikundi vya kujisaidia vinavyomiliki gari kwa pamoja. Tumeyaandika karibu jinsi alivyoyasema. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika kikundi chenu.

Mimi si mtu wa maneno mengi, mikono yangu imezoea spana kuliko kalamu. Lakini nimeambiwa kwamba baadhi ya vikundi vilivyo hapa vina gari, na gari hilo limewahi kuwatia hasara. Basi nitasema juu ya jambo moja tu.

Gari lilikuwa linatembea vizuri. Wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi ukafika, mkachanga pesa, fundi akaja, akafanya kazi siku nzima. Jioni anapiga stata, gari linakataa kuwaka. Mnafanyaje?

Najua mnachofanya, kwa sababu hata mimi nimekifanya. Mnaita vijana, mnasukuma. Leo nimekuja kuwaambia: msisukume. Nitawaeleza kwa nini, kisha nitawaeleza la kufanya.

MKANDA HUU NI UPI?

Kuna mikanda ya nje, ile inayozungusha feni na alternata. Huo siusemi. Mkanda wa taimingi umefichwa ndani ya kifuniko mbele ya injini, nao una meno. Unaunganisha mihimili miwili. Wa chini huitwa krenki, nao huzungushwa na pistoni. Wa juu huitwa kemu, nao hufungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemu huzunguka mara moja. Katika injini za dizeli za Toyota kama 2L na 3L, zile za Hilux na Hiace nyingi za zamani, mkanda huo huo huzungusha pia pampu ya dizeli. Kwa hiyo kuna puli tatu zinazopaswa kwenda pamoja bila kupishana.

Akina mama mmewahi kutwanga watu wawili katika kinu kimoja. Mmoja anainua mchi, mwingine anashusha. Zamu ikikosewa, michi inagongana. Basi pistoni na valvu ni kama michi hiyo. Pistoni ikipanda juu, valvu iwe imeshajifunga. Katika dizeli hizo nafasi ni ndogo mno, kwa sababu hewa hukandamizwa mpaka inabaki chini ya sehemu moja kati ya 20 ya ukubwa wake wa kwanza. Zamu ikikosewa, pistoni inaigonga valvu na kuipinda.

Sasa mnaona hatari ya kusukuma. Unapozungusha injini kwa spana, mkono wako unahisi kitu kikigusa, unaacha. Lakini watu kumi wakisukuma, uzito wa gari lote unaizungusha injini kupitia magurudumu. Hakuna atakayehisi kitu. Mtasikia tu mlio, na hapo mmeshachelewa. Kuvuta gari kwa kamba ni vivyo hivyo.

SWALI LA MAMA MWEKA HAZINA

Siku moja niliitwa Kinangop na kikundi cha wakulima wa viazi. Ilikuwa Ijumaa jioni, magunia yako kwenye Hilux, soko ni kesho asubuhi. Fundi kijana alikuwa amebadilisha mkanda, gari likakataa. Nilipofika, vijana walikuwa wameshika gari tayari. Dereva yuko ndani, ameweka gia ya pili.

Mama mweka hazina alisimama mbele ya gari, akamwuliza yule fundi: "Mwanangu, kabla hujalifungua, lilikuwa linawaka?"

Kijana akajibu, "Ndiyo mama, nililiendesha mwenyewe kutoka barabarani."

"Basi kosa liko pale ulipogusa. Fungua tena."

Mama huyo hajui kushika spana, lakini alisema neno ambalo kila fundi anapaswa kulikumbuka. Kama gari lilikuwa linawaka kabla ya kazi, na baada ya kazi haliwaki, usianze kutafuta ugonjwa mpya. Rudi mahali mikono ilipopita.

Tulifungua kifuniko. Alama ya krenki ilikuwa sawa. Ya kemu sawa. Ya pampu ya dizeli ilikuwa imeruka meno kadhaa. Mkanda wa zamani ulipotoka, puli ya pampu ilijizungusha kidogo, maana ndani yake kuna springi, na kijana hakuona. Tukairudisha, tukazungusha kwa mkono, tukatoa hewa kwenye paipu za dizeli, gari likawaka saa nne usiku. Viazi vilifika sokoni vimechelewa, lakini vilifika.

Lakini kama gari lililetwa likiwa limekufa, mkanda umekatika njiani, hilo ni jambo lingine. Hapo valvu huenda zimeshapinda. Msinunue mkanda mpya na kufurahi kabla fundi hajapima valvu.

SIKILIZENI KWANZA

Gari likikataa, kabla ya kufungua chochote, sikilizeni stata. Isipigwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja.

Kama ni kimya, au inalia "tik" tu, tazameni betri. Fundi aliitoa waya wakati wa kazi, na pengine hakuikaza. Tazameni pia waya wa ardhi unaofungwa kwenye injini.

Kama injini inazunguka upesi na kwa wepesi kuliko kawaida, kama kwamba haina mzigo, acheni mara moja. Maana yake hewa haikandamizwi. Ama zamu imekosewa, ama valvu zimepinda.

Kama inagonga au inakwama, acheni mara moja. Msijaribu tena "mara moja tu ya mwisho". Hiyo mara ya mwisho ndiyo hununua silinda hedi.

Kama inazunguka kwa mlio wake wa kawaida ila haishiki, mmoja asimame nyuma atazame moshi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika lakini haiungui. Huenda plagi za kupasha joto hazipati umeme, au pampu imekosewa zamu. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Tazameni ule waya mdogo ulio juu ya pampu, unaofungua njia ya dizeli. Ukisahaulika, gari halitawaka hata mkikesha. Kisha pigeni pampu ya mkono iliyo kwenye filta mpaka iwe ngumu, ili hewa itoke.

Kwa gari la petroli, tazameni kama waya za plagi zimerudi kila moja mahali pake, na kama soketi za waya zilizofunguliwa mbele ya injini zimebanwa.

KISHA ALAMA

Mambo madogo yakiwa sawa, fungueni kifuniko. Fundi atoe plagi za kupasha joto ili injini iwe nyepesi. Azungushe krenki kwa spana, upande ule injini inaozunguka siku zote, mara mbili kamili. Si mara moja, kwa sababu nimewaambia kemu huzunguka nusu ya krenki. Baada ya mara mbili, alama zote zirudi mahali pake. Spana ikikwama, asilazimishe. Na asizungushe injini kwa kushika boliti ya kemu.

Mkanda ukikosewa jino moja, gari laweza kuwaka, lakini kwa taabu, na moshi, na bila nguvu mlimani. Msilikubali gari hilo hivyo hivyo, eti "litazoea". Gari halizoei.

Alama zikiwa sawa na bado haiwaki, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda isiyo na mgandamizo ndiyo yenye valvu iliyopinda, na hapo hedi itashuka. Ni habari mbaya, lakini ni heri kuijua.

KOSA LANGU

Nilisema hata mimi nimesukuma. Nilikuwa mwaka wangu wa pili gerejini. Nilifunga mkanda kwenye gari la mzee mmoja, likakataa, nikaita vijana tukasukuma. Likalia "kwa!" Nilijua papo hapo nimefanya nini. Lakini niliogopa. Nilimwambia mzee kwamba injini ilikuwa imechoka siku nyingi.

Aliuza mtamba wake kulipa hedi. Miaka minne baadaye nilishindwa kuvumilia, nikaenda nyumbani kwake nikamwambia ukweli. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Pesa ningekusamehe, mwanangu. Lakini nilidhani dereva wangu ndiye aliyeichosha injini. Nilimfukuza kazi, na alikuwa na watoto watatu."

Yule dereva sikumpata tena. Ndiyo maana nasimama hapa. Kikundi hakivunjiki kwa sababu ya mkanda. Huvunjika kwa sababu hakuna aliyeandika gari lilikuwaje, hakuna aliyeona kazi ikifanywa, na kila mtu ana wa kumlaumu. Dereva analaumu fundi, fundi analaumu dereva, wanachama wanamlaumu mwenyekiti eti amekula pesa ya vipuri.

FANYENI HIVI

Kabla ya kazi, ulizeni kama gari lenu lina mkanda au cheni. Toyota Probox za petroli, kwa mfano, zina cheni. Mtu akitaka kuwabadilishia mkanda wa taimingi wa Probox ya petroli, mwulizeni atautoa wapi.

Andikeni katika kitabu cha kikundi: tarehe, kilomita, na kama gari liliwaka asubuhi ya kazi. Magari mengi ya dizeli ya Toyota yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi, huwaka kila kilomita 100,000. Lakini taa hiyo inahesabu kilomita tu, haiuoni mkanda. Mkinunua gari kuukuu na hamjui historia yake, badilisheni mkanda bila kungoja taa.

Kabla mkanda wa zamani haujatoka, fundi amwonyeshe mwanachama mmoja alama zote. Atazame pia kama kuna oili inayovuja mbele ya injini, maana oili huharibu mkanda mpya. Kifaa kinachovuja kibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mkanda mpya ukishafungwa, fundi azungushe injini kwa mkono mara mbili, mbele ya mwanachama huyo, kabla stata haijaguswa. Ni kazi ya dakika chache tu.

Wekeni sehemu ya malipo ya kazi mpaka gari litembee. Lakini likikataa, msimtukane fundi. Fundi aliyetishwa huficha, kama nilivyoficha mimi. Mpeni kiti na chai, mwambieni afungue tena. Na wewe fundi kijana uliye hapa, ukikosea, sema siku hiyo hiyo.

Mwisho, chukueni mkanda wa zamani mkauhifadhi, na kwenye karatasi chini ya boneti andikeni kilomita za mkanda mpya. Viongozi wakibadilika, gari halitasahau.



MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kikundi chetu kinajua mkanda wa gari letu ulibadilishwa lini, na kwa kilomita ngapi?

2. Ni nani kati yetu atakayesimama na fundi wakati wa kazi? Je, anajua atazame nini?

3. Gari likiharibika, sisi huanza kwa kuuliza kilichotokea, au kwa kuuliza nani wa kulaumiwa?

4. Je, yupo mtu tuliyemlaumu zamani kwa kosa ambalo hatukulichunguza? Tufanye nini juu yake?