Nafasi ya Juu Inauzwa

Leo tunazungumza na wenye kampuni ndogo za kupandisha wageni mlimani, kuanzia Moshi mjini hadi Marangu na Machame.

Mgeni aliyeko Ujerumani akitafuta mtandaoni safari ya Kilimanjaro, majina yanayotokea juu kabisa mara nyingi yamelipiwa. Nafasi hizo huuzwa kwa mnada wa papo hapo: huangaliwa dau la mtangazaji na jinsi tangazo linavyoendana na kilichotafutwa. Kwa kawaida unakatwa fedha kila mtu anapobofya, anunue asinunue. Masoko makubwa ya mtandaoni yanamudu dau kubwa. Kampuni ndogo husukumwa chini, au hupata mgeni kupitia masoko hayo hayo na kukatwa kamisheni.

Nafasi za kulipiwa zimefikishwa hata mahakamani. Septemba 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani na majimbo 17 waliishtaki Amazon, soko kubwa la mtandaoni, wakidai, pamoja na mengine, kwamba imejaza matangazo ya kulipiwa kwenye matokeo ya utafutaji. Amazon inakanusha.

Mfanyabiashara, weka kikomo cha matumizi kwa siku. Lenga maneno mahususi, kama safari ya siku 8 kwa njia ya Lemosho. Gawanya gharama ya matangazo kwa idadi ya wateja waliolipa, ujue kama unapata faida. Mwombe kila mgeni aliyeridhika aandike maoni yake.

Nawe mnunuzi, ruka matangazo, linganisha bei, ulizia leseni. Kulipia nafasi ya juu si ushahidi wa ubora.