Pumu Hafifu na Dawa Iliyo Mkononi



Nimechagua kuzungumzia pumu inayodharauliwa: ile inayombana mtu mzima mara chache kwa wiki, kisha ikamwachia akaisahau. Kudharau huko kuna gharama. Uingereza ilipochunguza vifo 195 vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014, miongoni mwa marehemu walikuwamo waliohesabiwa kuwa na pumu hafifu.

Katika pumu, kuta za njia za hewa huvimba na misuli inayozizunguka hujikaza. Salbutamoli, dawa ya inhela ya buluu, hulegeza misuli kwa dakika chache bila kugusa uvimbe. Steroidi ya kuvuta, kama budesonaidi, hutuliza uvimbe, lakini matunda yake huchukua siku hadi wiki kuonekana. Mgonjwa huipenda ile inayomfungua kifua papo hapo. Ile ya kila siku huiacha mara tu anapopata nafuu.

Ndipo watafiti wakauliza: kwa nini steroidi isiwekwe ndani ya inhela ileile anayoikimbilia akibanwa? Budesonaidi ikaunganishwa na formoteroli, ambayo hufungua njia za hewa kwa dakika chache na nguvu yake hudumu saa nyingi.

Jibu lilianza kuja mwaka 2018. Jaribio la SYGMA 1 lilifuatilia kwa wiki 52 wagonjwa 3,849 wa miaka 12 na zaidi. Waliovuta terbutalini, dawa ya kulegeza misuli kama salbutamoli, pekee wakibanwa walipata mashambulizi makali 20 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Waliovuta mchanganyiko wakibanwa walipata 7. Waliovuta budesonaidi asubuhi na jioni, 9. Tena kundi la mchanganyiko lilitumia wastani wa kati wa maikrogramu 57 za steroidi kwa siku, dhidi ya 340 za kundi la kila siku.

Haki inadai tuseme upande wa pili. Dawa ya kila siku ilishinda katika utulivu wa kawaida: pumu ilidhibitiwa vyema katika asilimia 44.4 ya wiki, dhidi ya 34.4 kwa mchanganyiko. Mtu anayesumbuliwa na kikohozi cha usiku, na anayeweza kuvuta dawa bila kukosa, ana sababu ya kuchagua ya kila siku.

Lakini wangapi huweza? Katika SYGMA kila mshiriki alivuta kitu asubuhi na jioni, hata kama hakikuwa na dawa, na alikumbushwa. Jaribio la Novel START la mwaka 2019 lilikaribia maisha halisi: watu wazima 668 walijua wanachotumia, wala hawakupewa inhela bandia. Katika makundi matatu yaliyokaribiana kwa idadi, mashambulizi makali yalikuwa 23 kwa salbutamoli pekee, 21 kwa budesonaidi ya kila siku, na 9 kwa mchanganyiko.

Mwaka huohuo, GINA, mpango wa kimataifa wa kukabili pumu, uliacha kupendekeza watu wazima watibiwe kwa inhela ya buluu pekee. Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa limeuweka mchanganyiko huo katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2017.

Hukumu yangu ni hii: kwa wengi wenye pumu hafifu, mchanganyiko wa kuvuta wakati wa kubanwa ndio wa kutangulizwa. Usipopatikana au bei ikishinda, mgonjwa avute steroidi kila anapovuta salbutamoli, kwa inhela mbili tofauti.

Wauguzi, madaktari na wafamasia, msimwache mtu mzima mwenye pumu aondoke na inhela ya buluu peke yake. Nanyi mnaopanga manunuzi ya dawa za umma, steroidi ya kuvuta isikosekane pale salbutamoli ilipo.