Chuma Huchoka, Damu Hukakamaa

Chuma nacho huchoka. Kikipindwa mara nyingi huingia ufa usioonekana, kisha hukatika ghafla. Subra Suresh, aliyezaliwa India mwaka 1956, alijijengea jina Marekani kwa kuchunguza uchovu huo. Baadaye akageukia chembe nyekundu za damu: iliyoingiwa na kimelea cha malaria hukakamaa, ikapata taabu kupita katika mishipa myembamba. Mtaalamu wa vyuma akawafaa matabibu! Aliongoza Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, 2013 hadi 2017, kisha Nanyang cha Singapore, 2018 hadi 2022. Mimi niliyemzika mpwa wangu kwa malaria nasema: vyuo vyetu navyo vibomoe ukuta baina ya karakana na hospitali.