Mtoto Njiti Akisharudi Nyumbani

(Mazungumzo ya idara yetu ya afya na wazazi wa Kalinzi, Kigoma)



Tunawashukuru kwa kuacha kazi za kahawa na kuja kutusikiliza. Leo tuzungumze juu ya mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia.

Akiwa wodini, wauguzi humwangalia usiku na mchana. Hofu yetu huanza siku anaporuhusiwa. Ndugu husema, "Sasa amepona." Mama anarudi jikoni na shambani, mtoto anabaki kitandani amefunikwa kanga tatu. Lakini huku kwetu milimani usiku una baridi, na mtoto huyu hana mafuta ya kutosha mwilini. Akipoa, nguvu zake zote huishia kutafuta joto, hivyo hushindwa kunyonya. Asiponyonya, hupoa zaidi. Makaa ndani ya chumba si dawa, kwani moshi na hewa yake chafu humdhuru.

Dawa ni kifua cha mtu. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, awekwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi. Kichwa kigeuzwe upande ili apumue vizuri, kisha afungwe imara kwa kitenge. Hii ndiyo njia ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za kuwapa watoto joto zilipokuwa hazitoshi.

Msidhani ni njia ya maskini tu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulifanyika Tanzania, Ghana, India, Malawi na Nigeria. Ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku.

Je, saa hizo zote atazitoa nani? Mama peke yake hawezi. Katika nyumba moja tuliyoitembelea, baba alimbeba mtoto kifuani ili mkewe alale kidogo. Bibi mzaa baba aliona haya, akasema mwanamume hafanyi hivyo. Tulimweleza, akanyamaza. Safari iliyofuata tulimkuta bibi mwenyewe amemfunga mjukuu kifuani, na kadi ya kliniki ilionyesha uzito unapanda.

Tutajuaje kwamba anaendelea vizuri? Kwanza, mizani. Msiache siku ya kliniki hata moja. Pili, kunyonya. Anyonye kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia, hata kama ni kumwamsha. Asiyeweza kunyonya vizuri akamuliwe maziwa ya mama na kunyweshwa kwa kikombe kidogo kisafi. Tatu, hesabu ya umri. Aliyewahi kuzaliwa kwa miezi 2, akiwa na miezi 4 tumtarajie mambo ya mtoto wa miezi 2, kama kutabasamu. Msimlinganishe na mtoto wa jirani, mtamvunja mama moyo bure. Ila chanjo hazingoji hesabu hiyo. Fuateni tarehe anazowapa muuguzi.

Akikataa kunyonya, akipoa au kupata homa, akipumua kwa haraka au kwa shida, akiwa wa njano au akipatwa na degedege, msingoje kupambazuke. Mpelekeni kituo cha afya akiwa kifuani vilevile.

Tunawaomba pia tuache maneno ya kwamba mama amevunja mwiko. Malaria, shinikizo la damu, maambukizi na mimba ya mapacha vinaweza kuleta uchungu mapema, na mara nyingi sababu haijulikani. Mama anayelaumiwa humficha mtoto, na mtoto aliyefichwa hafiki kwenye mizani.

Basi jirani yako akirudi na mtoto njiti, usiende kumshika-shika mtoto, hasa ukiwa na mafua. Mchotee mama maji. Mpikie. Mchumie kahawa yake mistari michache. Ndoo moja ya maji ni saa nzima ya joto kwa mtoto yule.

Msamaria mwema hakuishia kumfikisha majeruhi nyumba ya wageni. Alilipia matunzo, akaahidi kurudi. Hospitali imetufikishia mtoto hai. Kilichobaki ni zamu yetu, na zamu hiyo haina mshahara wala cheo. Tugawane saa.