Uvimbe wa Titi: Mbona Daktari Anataka Kipimo Kingine?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama wengi hujiuliza: “Nilishatolewa nyama kwenye uvimbe wa titi. Mbona daktari anataka kipimo kingine?”

Mama ukiwa na uvimbe, daktari hukupima kwa mkono, hukutuma upigwe picha, kisha hukutia ganzi na kutoa kipande kidogo kwa sindano nene. Kipande hicho hupelekwa maabara na kutazamwa kwa hadubini.

Mara nyingi jibu hupatikana hapo. Lakini kuna uvimbe ambao seli zake ni ndefu, nyembamba, zimechongoka ncha zote mbili. Seli hizi hufanana sana, ingawa ugonjwa si mmoja. Huenda ni kovu la jeraha au la upasuaji wa zamani. Huenda ni uvimbe usio saratani, na mwingine wa aina hiyo hunywea wenyewe. Huenda ni fibromatosisi, ambayo haisambai mwilini lakini huweza kurudi palepale. Na huenda ikawa saratani ya titi ya aina adimu.

Ndiyo maana maabara hupaka kipande hicho rangi maalum zinazoonyesha asili ya seli. Rangi moja haitoshi, kwa kuwa saratani hii huweza kukosekana kwa rangi moja na kuonekana kwa nyingine. Wakati mwingine kipande ni kidogo mno, na daktari hulazimika kutoa uvimbe wote ndipo ajue.

Basi mama, ufanye nini?

Kwanza, mweleze daktari kama uliwahi kuumia au kupasuliwa titi hilo.

Pili, hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kwenye chupa ya kipimo.

Tatu, tunza ripoti na picha zako zote, uende nazo kila unapotumwa.

Nne, usikubali titi likatwe kabla ugonjwa haujajulikana. Uliza: “Daktari, ripoti inasema huu ni uvimbe gani?”

Tano, rudi siku uliyopangiwa, hata kama hakuna maumivu. Saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni.

Kumbuka, kipimo cha pili si hukumu. Ni njia ya kupata matibabu yanayokufaa. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.